KABLA FUNDI HAJACHIMBA UANI, ANDIKIANENI

Umeuza korosho. Umejenga nyumba. Umeezeka bati, na familia imehamia. Sasa toka nje kwa mlango wa nyuma. Tazama uani. Unaona nini?

Wengi wetu tunaona visiki. Tunaona mashimo yaliyobaki wakati wa kufyatua tofali. Tunaona vipande vya mbao na mchanga uliomwagika. Mvua ikinyesha, maji ya batini yanaanguka chini na kuchimba msingi. Kisha yanakwenda zake bondeni. Siku ya pili mama anachukua ndoo kwenda kuyatafuta maji hayo hayo.

Basi unaamua kumwita fundi. Unataka asawazishe uwanja. Unataka ajenge kisima cha maji ya mvua, atengeneze mfereji, na aache mahali pa miti na bustani. Uamuzi huo ni mzuri. Lakini hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha zao. Hawaibiwi na mwizi wa usiku. Wanazipoteza mchana, kwa sababu hawakupima na hawakuandikiana.

Wewe umejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Leo tutazungumza jinsi elimu hiyo inavyoweza kulinda fedha zako na maji yako.

UANI NI MAHALI PA MAJI

Tandahimba iko juu ya uwanda wa Makonde, pamoja na Newala. Ardhi yetu ina mchanga mwingi, na mchanga huo umekwenda chini sana. Mvua ikinyesha, maji huzama haraka. Chemchemi ziko chini, pembeni mwa uwanda na mabondeni.

Jambo hili si la leo. Mwaka 1906 mtaalamu mmoja wa Kijerumani, Karl Weule, alifika Newala kuchunguza maisha ya watu wa kusini. Alishangaa kuona watu wakiishi juu, na maji yao yako mbali chini ya mteremko. Mabibi zetu waliushuka na kuupanda mteremko huo na mitungi kichwani.

Baadaye ulijengwa mradi wa maji wa Makonde. Mashine husukuma maji kutoka bondeni hadi juu. Kuanzia miaka ya 1970, nchi ya Finland ilisaidia kazi za maji vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Miradi hiyo imeokoa migongo ya watu wengi. Lakini maji ya kusukumwa hutegemea mashine. Mashine ikiharibika, bomba hukauka.

Kwa hiyo watu wengi wa uwanda huu hujenga kisima uani. Kisima tunachosema hapa hakichimbwi kufikia maji ya chini. Ni tangi linalojengwa ndani ya ardhi. Linapokea maji ya mvua kutoka batini na kuyatunza mpaka kiangazi.

Ndiyo maana kazi ya uani si ya urembo tu. Ukiipanga vizuri, umepanga maji ya nyumba yako.

KAENI PAMOJA KWANZA

Usimwite fundi kabla hujazungumza na watu wa nyumbani. Mama ndiye anayekaa uani kutwa. Anajua jua linapitia wapi. Anajua mahali pa jiko, pa kuanikia muhogo, na pa kuogeshea watoto. Muulize.

Kisha chukueni karatasi mchore uwanja. Mchoro si lazima uwe mzuri. Onyesheni nyumba, jiko, choo, kisima, njia na miti. Wekeni mshale kuonyesha maji ya mvua yanakoelekea. Kumbukeni mambo haya:

Kwanza, ardhi iliyo karibu na ukuta iinuke kidogo, ili maji yaende mbali na nyumba.

Pili, choo kiwe mbali na kisima. Mita 30 au zaidi ni kipimo kizuri, kama kiwanja kinatosha. Choo kisiwe upande wa juu wa kisima. Kisima kikipata ufa, uchafu utaingia.

Tatu, miti mikubwa isiwe karibu na kisima. Mizizi ya mwembe au mkorosho ina nguvu ya kupasua ukuta. Mkorosho ukikomaa hutanda sana. Shambani huachiwa nafasi ya mita 12 kati ya mti na mti. Basi usiubane nyuma ya nyumba.

Nne, usiuache uwanja wote uchi. Mchanga wetu huondoka na maji. Pandeni ukoka sehemu zenye mteremko. Pandeni michaichai pembeni mwa mfereji. Itashika udongo, na mtapata majani ya chai.

PIMENI KISIMA KWA MAHITAJI YENU

Watu wengi humwambia fundi, "Nichimbie kisima kikubwa." Neno "kikubwa" halina kipimo. Kikubwa chako si kikubwa chake. Tufanye hesabu.

Tuseme familia yako hutumia ndoo 5 za lita 20 kila siku. Hizo ni lita 100. Kiangazi chetu ni kirefu. Kuanzia Juni mpaka Novemba ni kama siku 180. Lita 100 mara siku 180 ni lita 18,000.

Sasa kisima cha namna gani huingia lita 18,000? Kumbuka hesabu hii: shimo la urefu wa mita 1, upana wa mita 1, na kina cha mita 1, huingia lita 1,000. Hizo ni ndoo 50. Kisima cha urefu wa mita 3, upana wa mita 3, na kina cha mita 2 ni 3 mara 3 mara 2. Jibu ni 18. Basi huingia lita 18,000.

Je, bati lako litakijaza? Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya eneo la mita 1 ya mraba, hutoa lita 1 ya maji. Nyumba iliyofunikwa na bati mita 10 kwa mita 8 ina mita 80 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 25 hutoa lita 2,000. Tuseme sehemu moja katika tano inapotea kwa kumwagika. Zinabaki lita 1,600. Mvua 12 za namna hiyo zitajaza kisima chako. Lakini lazima bati liwe na mifereji pande zote mbili.

NUSU MITA NI SIKU NGAPI?

Tuchukue mfano. Mwenye nyumba na fundi wamepatana kwa mdomo kina cha mita 2. Fundi anachimba. Udongo wa chini unakuwa mgumu. Anachoka. Anaishia mita moja na nusu. Anajenga kuta, anapiga lipu, anafunika. Mwenye nyumba anachungulia ndani. Ni giza, na kisima kinaonekana kirefu. Analipa fedha zote.

Kimepungua nusu mita tu. Je, ni jambo dogo? Hesabu: 3 mara 3 mara nusu ni mita nne na nusu za ujazo. Hizo ni lita 4,500, yaani ndoo 225. Kwa ndoo 5 kila siku, ni maji ya siku 45.

Nusu mita ya shimo ni mwezi mmoja na nusu wa kutafuta maji. Ni fedha za kununua ndoo kwa ndoo, au ni mtoto anayechelewa shule.

Sasa mwenye nyumba anakwenda kwa fundi. Fundi anasema, "Baba, tulipatana mita moja na nusu." Nani atajua ukweli? Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

KUMCHAGUA FUNDI

Kampuni za ujenzi huandikishwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Lakini kwa kazi ya uani wengi wetu humwita fundi wa kijijini au wa kijiji jirani. Basi kazi ya kumchunguza ni yako.

Usimchague kwa maneno yake, wala kwa kuwa bei yake ni ndogo. Nenda ukaone visima alivyojenga Mahuta, Kitama, au popote alipofanya kazi. Tazama kisima cha miaka mitatu au minne. Kisima kipya hakisemi kitu. Muulize mwenye nyumba: Je, kinavuja? Je, fundi alimaliza kwa wakati? Kulipotokea kasoro, alirudi?

Ita mafundi wawili au watatu. Waonyeshe mchoro ule ule na vipimo vile vile. Kila mmoja ataje bei ya kazi yake. Mmoja akiwa chini sana kuliko wenzake, muulize ni kitu gani atakiacha. Huenda ni nondo. Huenda ni saruji katika lipu.

Na uliza bei hiyo ni ya nini. Je, ni ya kuchimba tu? Nani atang'oa visiki? Nani ataleta maji ya kuchanganyia saruji? Udongo unaotoka shimoni utapelekwa wapi? Shimo la kisima hiki hutoa udongo mwingi. Udongo huo unaweza kujaza mashimo ya tofali na kuinua ardhi karibu na ukuta. Lakini kama hamkupatana, fundi atauacha kama kichuguu, na wewe utalipa mtu mwingine kuuondoa.

LIPENI KWA HATUA

Usilipe fedha zote mwanzoni. Fundi akisha kupata zote, kazi nyingine itamwita. Lakini pia usimfanyishe kazi bila kumlipa. Fundi ana watoto. Wapo mafundi wengi waliomaliza kazi vizuri, kisha mwenye nyumba akawaambia wasubiri korosho za mwaka ujao. Hiyo nayo ni dhuluma. Hati ya mapatano humlinda mwenye nyumba, na humlinda fundi pia.

Tuseme mmepatana shilingi 800,000 za ufundi, na vifaa unanunua mwenyewe. Huu ni mfano tu, si bei ya kufuata. Mnaweza kugawa hivi:

Hatua ya 1: Shimo limechimbwa na kupimwa na wote wawili. Shilingi 200,000.

Hatua ya 2: Sakafu na kuta zimejengwa. Shilingi 250,000.

Hatua ya 3: Lipu, kifuniko na mifereji vimekwisha, na uwanja umesawazishwa. Shilingi 250,000.

Hatua ya 4: Mvua imejaza kisima, na hakivuji. Shilingi 100,000.

Fundi akiomba fedha za chakula katikati ya hatua, mpe kama mnaelewana. Lakini ziandike siku hiyo hiyo, naye atie sahihi. Zitakatwa katika malipo ya hatua inayofuata.

Hatua ya 4 hupimwa hivi: kisima kikijaa, ondoa bomba la mfereji ili maji mapya yasiingie. Piga alama mahali maji yalipofika. Usichote kwa siku 3. Maji yakishuka chini ya alama, kisima kinavuja. Fundi atarudi kutengeneza kabla ya kulipwa fungu la mwisho.

MFANO WA HATI

Hati si lazima iwe na maneno magumu. Andika nakala mbili zinazofanana. Kila mmoja abaki na yake.

"Leo tarehe .......... mwezi .......... mwaka ..........
Mimi .........., mwenye nyumba, wa kijiji cha ..........,
na mimi .........., fundi, wa kijiji cha ..........,
tumepatana hivi:
1. Fundi atajenga kisima. Vipimo vya ndani, baada ya lipu: urefu mita ......, upana mita ......, kina mita ...... kutoka sakafuni hadi bomba la kutolea maji yanayozidi.
2. Fundi atang'oa visiki ......, atasawazisha uwanja kwa udongo wa shimo, na atajenga mfereji wa mita .......
3. Vifaa atanunua ...........
4. Kazi itaanza tarehe ...... na kwisha tarehe .......
5. Malipo ya ufundi ni shilingi ......, kwa hatua ...... kama zilivyoandikwa hapa chini.
6. Kisima kikivuja katika mwaka wa kwanza kwa kosa la ufundi, fundi atakitengeneza bila malipo.
Sahihi ya mwenye nyumba .......... Sahihi ya fundi ..........
Shahidi wa kwanza .......... Shahidi wa pili .........."

Angalia maneno "vipimo vya ndani, baada ya lipu". Ni ya muhimu. Kuta na sakafu zina unene. Shimo la kuchimba lazima liwe kubwa kuliko kisima chenyewe. Ukiandika "shimo la mita 3", kisima kitakuwa kidogo.

Fundi asiyejua kusoma asomewe hati yote, mbele ya mashahidi, kabla ya kutia dole gumba. Mwenye nyumba asiyejua kusoma naye afanyiwe hivyo.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania huheshimu mapatano ya hiari juu ya jambo halali. Hata mapatano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba. Lakini maneno ya mdomo ni vigumu kuyathibitisha. Mkigombana, nendeni kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji mkiwa na hati. Pia lipo Baraza la Kata. Mabaraza hayo yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, na kazi yake kubwa ni kupatanisha. Ikishindikana, ipo Mahakama ya Mwanzo. Kote huko utaulizwa: "Mliandikiana?"

KAZI IKIENDELEA

Usikae mbali. Nunua futi ya kupimia. Siku ya kupima shimo, pima urefu, upana na kina, wewe na fundi pamoja. Kama kisima ni cha pande sawa, pima pia kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Vipimo viwili vikilingana, pembe zimenyooka.

Udongo wa mchanga huporomoka. Udongo uliotolewa uwekwe angalau mita 1 kutoka ukingoni. Kingo za shimo zilazwe kidogo, zisisimame wima. Mchimbaji asiwe peke yake. Zungushieni miti au miiba, ili mtoto au mbuzi asitumbukie.

Lipu ya ndani isipunjwe saruji. Kipimo kizuri ni sehemu 1 ya saruji kwa sehemu 3 za mchanga safi. Mfuko 1 wa kilo 50 unachukua kama ndoo 5 za mchanga za lita 20. Lipu ikikauka upesi hupasuka. Imwagiwe maji kila siku, kwa siku 7 au zaidi.

Kifuniko kiwe cha zege lenye nondo, na mlango wake ufungwe kwa kufuli. Kisima kisichofunikwa ni kaburi la mtoto. Bomba la kuingizia maji na lile la kutolea yanayozidi yafungwe wavu, ili mbu wasizaliane ndani. Mvua ya kwanza ya msimu iachwe ioshe bati, isiingie kisimani. Maji ya kunywa yachemshwe.

WAKATI WA KUCHIMBA

Hapa pana mtego. Minada ya korosho kwa kawaida huanza mwezi wa Oktoba. Fedha hufika mkononi mwishoni mwa mwaka, na mvua nazo zinakuja. Mtu mwenye fedha huchimba haraka. Mvua inakuta shimo wazi, na kuta za mchanga zinaporomoka.

Ni heri kuchimba mvua zikiishia, mwezi wa Mei au Juni. Wakati huo ardhi imetulia, na maji ya kuchanganyia saruji bado yanapatikana. Kisima kitakuwa tayari kabla ya mvua zijazo.

Utasema, "Mpaka Juni fedha zitakuwa zimekwisha." Ni kweli, zikikaa mfukoni. Basi korosho zikilipwa, nunua nondo na mifereji ya bati, uviweke ndani pakavu. Saruji usinunue mapema, maana hushika unyevu na kuganda katika mfuko. Fedha za saruji na za fundi ziweke benki au katika chama cha akiba na mikopo.

Na miezi hiyo ya kungoja usiipoteze. Chora uwanja. Tembelea visima vya wenzako. Zungumza na mafundi. Andika hati.

Ndugu msomaji, kalamu ni jembe la kwanza la kazi hii. Likitangulia hilo, jembe la fundi litachimba mahali panapostahili, kwa kina kinachostahili.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Familia yako hutumia ndoo ngapi kwa siku? Kwa siku 180 ni lita ngapi?
2. Kisima cha mita 2 kwa mita 2, chenye kina cha mita 2, huingia ndoo ngapi za lita 20?
3. Kwa nini hati inamsaidia fundi pia?
4. Katika kijiji chenu, ni nani mnaweza kumwomba awe shahidi?